Konveta ya Chini ya Kitanda

Mzee Greda hakuwa mtu mgumu kuuguza, ila kitandani kwake hakutaka mtu aguse. Muuguzi aliyekuja kumpima pumzi aliruhusiwa kumfungua vifungo vya shati, kumgongagonga mgongo, hata kumkemea kwa sigara alizokwisha kuziacha zamani. Lakini akijisahau tu akaweka mkoba wake juu ya godoro, upande wa ukutani, mzee alinyoosha kidole.

"Hapo hapana, mama. Weka mezani."

Kitanda chenyewe kilikuwa ndani ya trela. Si trela la mizigo. Lilikuwa lile la kulala, nyumba ndogo yenye magurudumu, ambalo kampuni za barabara huwapa wafanyakazi wanaoishi kambini. Mbele kuna meza na viti virefu viwili, katikati jiko la gesi na sinki, nyuma kitanda cha watu wawili kilichobanwa na kuta tatu. Mzee aliendesha greda maisha yake yote, akisawazisha udongo ili wengine waje wamwage lami. Barabara moja ikiisha, trela lilifungwa nyuma ya lori likapelekwa kambi nyingine, na yeye nalo. Alipostaafu, kampuni ilimwachia kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Akalileta nyuma ya nyumba ya binti yake, akaliegesha kando ya banda la kazi, akachomeka waya wake ukutani, basi, akawa amehamia. Ndani ya nyumba alitengewa chumba chenye dirisha kubwa na kitanda kipya. Kitanda hicho hakukilalia hata siku moja.

"Baba yenu kaoa trela," majirani walisema, na mzee akiwasikia aliitikia kwamba angalau halimjibu vibaya.

Binti yake alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shingoni hakosi kipande cha waya, basi watu wakamwita Waya, jina likamganda mpaka wateja wengine hawakujua kama analo jingine. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa na karakana ya mbao mtaa wa pili na pikapu iliyojaa unga wa msumeno mpaka kwenye redio.

Mama yao alifia ndani ya trela lile. Hilo halikuwa siri kwa mtu. Watoto walipokwisha kuwa wakubwa alianza kumfuata mumewe kambini, na msimu mmoja wa mvua homa ilimshika huko huko. Barabara ambayo mzee alikuwa akiichonga ilikuwa bado tope tupu. Mto ukajaa, ukakata njia. Gari la hospitali lilifika ng'ambo ya maji likasimama, taa zake zinaonekana na halina la kufanya. Mama akakata roho juu ya kitanda kile, upande wa ukutani, wakamzika kwenye kilima juu ya kambi kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumtoa. Waya alikuwa chuo cha ufundi. Alipofika, maji yalikwisha pungua na kaburi lilikwisha ota majani.

Tangu hapo Waya hakuwahi kupita meza ya trela. Akimletea baba yake chakula, alikiweka mezani, akaketi kiti cha mbele, wakaongea. Sinki na jiko viliwatenga kama kaunta ya duka, mmoja huku, mwingine kule.

Vumbi la barabara lilikuwa limeyala mapafu ya mzee. Hospitali ilimpa mashine ya oksijeni, kubwa kama sanduku la nguo, yenye mrija mwembamba unaoingia puani. Mashine ile ilitaka umeme mchana kutwa na usiku kucha. Alasiri moja umeme ukakatika mtaa mzima. Waya alikuwa amelala chali chini ya usukani wa basi la shule, tochi mdomoni, aliposikia mashine ya baba yake ikilia king'ora chake chembamba. Aliitema tochi akakimbia. Akaipita meza, akalipita jiko, wala hakuwa na nafasi ya kujua kwamba amelipita. Alimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imegeuka rangi, mkono unatapatapa kuutafuta mtungi wa akiba ambao mtu aliusogeza wakati wa kufagia. Waya akaufungua, akachomeka mrija, akamshika mabega.

"Vuta, Baba. Taratibu. Vuta tena."

Rangi ilirudi kidogo kidogo. Mzee alipopata sauti alitazama juu. Taa za darini, ambazo zilipaswa kuwaka kwa betri umeme wa ukutani ukikatika, zilikuwa nyekundu kama moto wa sigara. Zikafifia mbele ya macho yao. Zikazima.

Umeme uliporudi, Waya alikwenda kuifungua betri, iliyokuwa mbele, nje, kwenye shingo ya kukokotea. Ilikuwa kavu. Maji yake yalichemka yakaisha, na hiyo haikuwa kazi ya siku moja. Alijua mara moja mkosaji ni nani. Kila trela la aina ile lina konveta, sanduku linalopokea umeme mkali wa ukutani na kuushusha uwe wa betri, ili taa ziwake na betri ijae. Konveta ya mzee ilikuwa ya kizamani. Haikujua betri imejaa wala ina njaa, ilisukuma tu umeme ule ule saa zote. Tena ilikuwa chini ya kitanda, nyuma kabisa, na betri mbele kabisa, katikati waya mwembamba. Miaka yote hiyo mzee alikuwa akibadilisha betri kama mtu anavyobadilisha balbu.

Kesho yake muuguzi alikuja. Kipimo chake cha joto kilimponyoka kikaviringika chini ya kitanda, naye akapiga magoti kukitafuta. Alipoegemea ubao wa kitanda aliurudisha mkono haraka.

"Dada Waya, hebu njoo ushike hapa."

Waya alikuwa amesimama mlangoni. "Najua. Ni konveta."

"Unajua, na umemwacha? Huyu mzee anavuta oksijeni juu ya pasi!" Muuguzi alisimama akijipangusa magoti. "Oksijeni inapenda moto. Cheche moja tu hapo chini, hamtapata hata muda wa kupiga kelele."

Jioni kaka mtu alikuja, akasimama katikati ya trela na kichwa kimeinama kwa sababu dari lilikuwa fupi.

"Baba, unahamia ndani leo leo. Hili dude tunaliuza chuma chakavu."

"Mniuze na mimi, basi," mzee alisema. "Kwa kilo."

"Sifanyi utani."

"Wala mimi."

Waya alijaribu njia nyingine. "Tusilivunje trela. Tuhamishe konveta tu. Nitafunga mpya, ya kisasa, kule mbele karibu na betri. Huku nyuma kutabaki mashine yako peke yake, pabaridi, salama."

Mzee aliyekuwa akitabasamu aliacha. "Betri badilisha utakavyo. Konveta iache ilipo."

"Baba, konveta ndiyo inayoua betri."

"Nimesema iache."

Aligeukia ukuta, na mgongo wake ukawa ndiyo jibu. Kaka mtu alitoka akaufunga mlango kwa nguvu, trela zima likatikisika. Waya alimjua baba yake kwa ukaidi, lakini ukaidi wake siku zote ulikuwa na mzaha ndani yake. Huu haukuwa nao.

Siku ya kliniki, kaka mtu alimpeleka mzee hospitali kwa pikapu, mtungi umefungwa kwa mkanda kama abiria. Waya alibaki. Alichukua futi, tochi na mita ya kupimia umeme, akaingia ndani ya trela akiwa amekata shauri kupima tu, asiguse kitu. Akapita meza. Safari hii hapakuwa na king'ora cha kumsukuma, na aliisikia kila hatua.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa unadhifu wa mtu aliyezoea kambi. Upande wa nje shuka lilikuwa na mikunjo na mto umebonyea. Upande wa ukutani mto ulikuwa umenyooka, foronya imepigwa pasi. Ili kuifikia konveta ilibidi anyanyue godoro upande huo huo. Waya akapiga moyo konde, akaweka kiganja juu ya shuka.

Palikuwa na joto.

Hapakuwa na moto wa kuunguza. Godoro lilikuwa limeupooza moto wa ubao, na kilichofika juu kilikuwa joto la taratibu, lililoenea kuanzia penye kiuno mpaka penye miguu, kama la mahali palipoinuka mtu sasa hivi kwenda kuteka maji. Chini ya mbao konveta ilikuwa ikinguruma polepole, bila kupumzika. Waya alibaki ameinama vile vile. Alisahau futi, alisahau mita. Kisha akakaa sakafuni, paji la uso akaliegemeza kwenye ukingo wa kitanda, akalia kilio ambacho chuoni hakukilia kwa sababu palikuwa na watu, na kaburini hakukilia kwa hasira.

Alipotulia, alinyanyua godoro, maana kazi ni kazi. Ubao uliokuwa juu ya konveta ulikuwa umekuwa mweusi katikati. Aliukwaruza kwa ukucha, ukatoka unga wa makaa.

Mzee aliporudi aliona futi limesahauliwa juu ya kitanda. Alilitazama, akamtazama binti yake aliyekuwa jikoni mwa trela akijifanya anasuuza kikombe. Alikaa taratibu, akaunganisha mrija wake kwenye mashine, akavuta pumzi kadhaa kabla ya kusema.

"Umepashika."

"Ndiyo, Baba."

"Mama yako alikuwa mtu wa baridi. Miguu yake ilikuwa kama ya chura. Tulipopewa hili trela mara ya kwanza, akazunguka humu ndani akigusa gusa kila kitu, akafika hapo, akasema, huu upande ni wangu, na atakayenitoa ajipange." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri kipite. "Usiku nikigeuka, nanyoosha mkono. Najua hayupo, mwanangu. Sijarukwa na akili. Lakini mkono haujui. Mkono ukikuta joto, unatulia."

Waya alikiweka kikombe chini. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa kuhusu cheche, ubao mweusi na oksijeni, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa saa ile. Alimwandalia chai, wakanywa wakiwa wamekaa pamoja ukingoni mwa kitanda, upande wa nje.

Lakini usiku usingizi ulimkataa Waya. Kila akifumba macho aliuona ule unga wa makaa chini ya ukucha. Asubuhi, kabla ya kufungua banda, aliingia tena ndani ya trela.

"Baba, mara ya mwisho umekwenda lini kwa Mama?"

Mzee alifikiri. "Kabla ya mashine."

"Kwa nini hukwenda tena?"

"Swali gani hilo? Kule hakuna umeme. Kambi ilishavunjwa. Nitachomeka hii kwenye nini, kwenye mti?"

"Nikuambie kitu. Konveta mpya inajaza betri vizuri, haiiui. Nikiweka betri kubwa, ile ya lithiamu, na inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe wa ukutani tena, hiyo mashine yako itatembea usiku mzima bila kuchomekwa popote. Tunalifunga trela nyuma ya pikapu ya kaka. Tunakwenda kwa Mama, tunalala, asubuhi tunarudi."

"Bila ukuta?"

"Bila ukuta."

Mzee aligeuza uso akautazama ule mto wa foronya iliyopigwa pasi, kana kwamba anaomba ruhusa.

"Na hiyo mpya haiwezi kukaa hapa ilipo hii?"

"Hapa haiwezekani, Baba. Betri iko mbali, waya ni mwembamba, na huo ubao umeshaanza kuungua. Nisingekudanganya."

"Hujawahi kunidanganya," mzee alisema. "Hata pale ningependa unidanganye." Akashusha pumzi. "Haya. Lete vifaa vyako."

Kaka mtu, aliposikia, alikuna kichwa. Alikuwa amekwisha anza kulitafutia trela mteja wa chuma chakavu. Lakini hakuuliza zaidi. Alitafuta betri, akaileta mwenyewe ameikumbatia, akakata na mbao mpya za kitanda kuchukua nafasi ya zilizoungua, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama meza ya kulia.

Siku ya kazi walivuta waya mrefu kutoka jikoni mwa nyumba ili mashine ya mzee isikose umeme. Waya alimtaka baba yake akae nje kivulini. Mzee alimtazama kama dereva aliyeambiwa ashuke kwenye greda yake.

"Hili trela nalijua mifupa. Wewe unajua umeme. Nitakaa hapa hapa."

Kabla ya kugusa kitu, Waya alikwenda kwenye kisanduku cha swichi kilichokuwa miguuni mwa kitanda.

"Baba, nazima."

"Ngoja."

Mzee alikuwa amenyoosha mkono, kiganja kimelala juu ya shuka la upande wa ukutani. Ngurumo ya konveta ilisikika safi katika utulivu ule. Waya alisubiri na kidole juu ya swichi. Kule nje kaka mtu aliacha kupiga msasa, wala hakuna aliyemwambia aache.

"Zima," mzee akasema.

Ngurumo ilikatika. Miaka yote ile hakuna aliyeiona kuwa ni sauti, mpaka ilipokoma. Waya aliutazama mkono wa baba yake, akaelewa kwamba joto halitaondoka pamoja na ngurumo, litabaki kidogo kwenye godoro kisha litakwenda polepole. Akatoka nje, akaketi juu ya ngazi ya trela, akaanza kuchagua skrubu kwenye kopo, ndefu huku, fupi huku, kazi isiyo na haraka yoyote. Aliporudi, mzee alikuwa ameuondoa mkono na ameuweka kwenye paja lake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kukunja shuka.

Konveta ya zamani ilitoka kwa shida, nzito kama tofali la saruji, imevaa vumbi la barabara zote ilizopita. Waya alikuta nyaya zake zimefungwa ovyo: nyeusi mahali pa nyekundu, nyeupe mahali pa nyeusi, na moja imeunganishwa kwa plasta ya kidonda.

"Huyu aliyefunga hii alikuwa fundi kweli?"

"Alikuwa mpishi," mzee alisema.

Waya alicheka mpaka akalazimika kuweka koleo chini. Tangu hapo hakuziamini rangi tena. Alipima kila waya kwa mita, akaubandikia utepe wake, nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi, ndipo akaukata. Kisanduku cha fyuzi alikiacha nyuma kilipokuwa. Betri mpya aliiweka ndani ya kiti kimoja cha mezani, konveta mpya na inveta ndani ya kiti cha pili, akatoboa matundu ya hewa na kuyafunika kwa wavu. Kati ya konveta na betri waya ulikuwa mfupi na mnene kama kidole, na mwanzoni mwake, karibu kabisa na betri, akafunga fyuzi kubwa.

Sehemu ngumu ilikuwa kupitisha waya mrefu wa kuunganisha mbele na nyuma, ndani ya makabati, nyuma ya sinki, mahali pasipopita hata mkono. Waya alifunga kamba kwenye kipande cha chuma chembamba akakisukuma kutokea mbele. Kikakwama.

"Hapo pana mbao ya kukingama," sauti ya mzee ilitoka upande wa kitandani. "Rudisha kidogo. Pinda kulia. Chini, chini zaidi. Sasa sukuma."

Chuma kikapita. Mzee akaikamata kamba kule nyuma, akavuta kwa mikono yote miwili, anapumzika, anavuta tena, na Waya anausukuma waya kutokea mbele. Hawakuonana. Mmoja alijua tu kwamba mwingine yupo kwa jinsi waya ulivyokwenda.

Jioni waliwasha. Waya alishika mita kwenye betri, namba zikapanda zikatulia pale alipotaka zitulie. Taa za darini zikawaka nyeupe kabisa, mpaka mzee akafumba macho. Konveta mpya ilitoa mpuliziko mdogo wa feni, kisha ikanyamaza.

Siku zilizofuata hazikuwa njema. Mzee hakulala kitandani. Asubuhi Waya alimkuta amesinzia kwenye kiti cha mezani, blanketi magotini, shingo imepinda. Kaka mtu alinunua mpira wa maji ya moto akauleta kwa nia nzuri.

"Uweke upande ule, Baba. Ni joto vile vile."

"Maji ya moto si mtu."

"Kwani konveta ilikuwa mtu?"

Mzee alimkodolea macho mwanawe, na Waya akadhani yatatokea mengine ya kupigiza mlango. Badala yake mzee aliangua kicheko, akacheka mpaka mrija ukamtoka puani, na walipomrudishia alikuwa anafuta machozi, na haikuwa rahisi kusema ni machozi ya nini.

Wakaondoka mwisho wa juma. Kaka mtu aliendesha, mzee mbele kando yake na mtungi wa njiani, Waya nyuma akichungulia trela kila wakati kama mama anayemwangalia mtoto mgongoni. Barabara ilikuwa nzuri, lami tupu, na mzee aliitaja kila kona kabla haijafika. Ule mto ulikuwa sasa na daraja pana.

Penye kambi ya zamani hapakubaki kitu isipokuwa sakafu ya saruji iliyopasuka. Kaka mtu alipunguza mwendo. "Hapa tuliache trela, kule juu twende kwa miguu?"

"Baba hawezi kupanda," Waya alisema.

"Pandisha," mzee alisema. "Njia ipo."

Njia ilikuwepo kweli. Ilizunguka kilima kwa mpando wa taratibu, imelala vizuri, ina mitaro pande zote mbili, na mvua za miaka hazikuichimba hata shimo. Pikapu ikapanda bila kulalamika, trela nyuma yake. Waya aliikumbuka njia ile. Siku ile alipofika kaburini na hasira yake, aliipanda akidhani ni ya kampuni.

"Nani alichonga hii?" aliuliza.

"Mimi," mzee alisema akitazama mbele. "Asubuhi yake. Wenzangu walitaka kumbeba mabegani, kwenye lile tope. Nikasema hapana, atateleza. Nikawasha greda. Mvua inanyesha, sioni hata kioo. Nilichonga mpaka nikahakikisha gari linapanda bila kumtikisa." Akageuka kidogo nyuma. "Nilitaka kukusubiri, mwanangu. Siku ya kwanza nilikusubiri. Ya pili, joto halikuruhusu."

Waya alipenyeza mkono katikati ya viti, akalishika bega la baba yake, na hakuuondoa mpaka gari liliposimama.

Walisafisha kaburi, kaka kwa jembe, Waya kwa mikono. Mzee alikaa kwenye kiti kando yake, mrija mrefu umetoka mlangoni mwa trela ukapita juu ya majani mpaka kwake, mashine ndani ikipumua kwa umeme wa betri. Alikaa pale mpaka jua likazama, akaongea kwa sauti ya chini, na watoto wake wakajitenga ili wasisikie. Usiku alilala kitandani. Alilala upande wa ukutani, kwenye ubao mpya, na asubuhi Waya alipoipima betri ilikuwa bado na nusu na ushei.

Njiani kurudi walikuta greda inatengeneza bega la barabara. Mzee akaamuru pikapu isimame. Alilitazama jisu lake kubwa la chuma likikwangua udongo, akasonya.

"Amelilaza mno. Atakula lami huyo."

"Baba, twende," kaka mtu alisema.

"Bado kidogo."

Dereva wa greda aliwaona, akashuka, akamwamkia mzee shikamoo. Mzee akamweleza kosa lake akionyesha kwa kiganja, na yule dereva akasikiliza, akapanda, akalinyanyua lile jisu, akarudia. Wakakaa pale mpaka mzee akaridhika.

Walikwenda tena kilimani mara kadhaa, mpaka mapafu yalipokataa kabisa. Mzee Greda alifariki hospitalini, mchana, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake, naye akazikwa kule juu, ubavuni mwa mkewe. Baada ya msiba watu walitarajia kaka mtu alipeleke lile trela kwenye chuma chakavu. Alilichukua, ndiyo, ila alilifunga nyuma ya pikapu akaanza kulitumia katika safari zake za kutafuta mbao. Akiwa mbali, taa ikicheza kidogo tu, anampigia simu dada yake.

"Waya, hii taa ya jikoni ina nini?"

"Angalia fyuzi ya tatu kutoka kushoto. Na usiguse kitu kingine."

"Sijagusa."

"Kaka."

"Nimegusa kidogo tu."

Naye Waya, akiwa chini ya gari la mtu, tochi mdomoni, hucheka.